Pembe Ambazo Mishale Haifiki

Mwalimu, mbona saa yako si duara?
aliuliza Elirehema, wa darasa la tano,
siku tuliyokuwa tukichora mistatili
kwa rula zenye alama za meno.
Nikaivua, nikaiweka juu ya daftari lake.
Akaipima: urefu sentimita tatu na nusu,
upana mbili na ushei.
Akanirudishia kwa mikono miwili
kama anayerudisha yai.

Ilikuwa ya shangazi Aikande, mkunga.
Aliivaa uso ukiwa ndani, upande wa mshipa,
na chini, pale penye sita,
kuna kijisaa kingine, kipana kama punje ya mahindi,
kinachokimbiza sekunde peke yake.
Kwa hicho aliwahesabu watu wa Kibosho
kabla hawajawa watu.

Aliinunua dukani kwa Jivraj, hapa Moshi mjini,
kwa mafungu saba, mishahara saba.
Mji ukasema dhahabu haipandi mkono wa mwanamke
bila mkono mwingine kuisukuma.
Wakamtafuta huyo nani:
dereva wa lori la kahawa?
karani wa stesheni, yule mwenye poda shingoni?
Hakujibu. Alikaza ukanda tundu moja zaidi,
akapanda zake mlima kwa miguu.
Stakabadhi zote saba nilizikuta juzi
ndani ya Biblia yake, kitabu cha Hesabu.

Wala si dhahabu tupu. Imechovywa tu,
na pembeni, iliposuguana na mkono wa sweta
miaka hamsini,
shaba inachungulia
kama goti kwenye suruali ya shule.

Niichovye upya? aliuliza fundi Mfinanga,
kibandani kwake chini ya ngazi, barabara ya Mawenzi.
Itang'aa kama ya bwana harusi.
Nikasema hapana.
Basi nikutilie mashine ya betri, uisahau kabisa.
Nikasema hapana, nisingependa kuisahau.
Akanitazama kama mteja msumbufu,
akabana kioo jichoni, akafungua mgongo wa saa.

Ndani kulikuwa na mikwaruzo ya sindano,
kila fundi na mwaka wake:
66. 71. 77.
Mfinanga akanyamaza.
Redio ilikuwa ikitangaza bei ya mbolea.
Hizi saba, akasema, ni za baba.
Saba zake alizifunga mkanda kiunoni,
hata kwenye bili ya maji.
Akaipangusa, akaitia mafuta tone moja,
na kabla hajafunga, bila kuniuliza,
akakwaruza mwaka wake chini ya ule wa baba yake.
Pesa alipokea. Chenji alisahau,
nami sikumkumbusha.

Kila alfajiri naitia ufunguo,
mizunguko kumi na tisa, hadi kidole kiambiwe basi.
Mlima bado umejifunika.
Mshale ukigusa saba, mimi nasema saa moja;
yenyewe ina lake, nami nina langu,
na hatujawahi kugombana.
Huchelewa dakika tatu kwa siku.
Simu yangu haichelewi,
lakini simu haijawahi kunidai kitu asubuhi
isipokuwa macho.

Mwalimu, alisema tena Elirehema,
mishale haifiki kwenye pembe.
Kweli haifiki. Inazunguka duara lake pale katikati,
kama mbuzi kambani,
na pembe nne zinabaki
bila dakika hata moja.
Sasa kule pembeni kuna nini?

Nikafungua mdomo.
Nilimfikiria shangazi akiteremka Kibosho usiku,
mtoto wa watu amelia, taa ya mkono imeisha mafuta,
na swali la mji mzima
amelikunja mahali ambapo hakuna saa ingelipitia.
Lakini rimu ya gari ikagongwa, saa nne, mapumziko,
darasa zima likakimbilia uji.

Juu ya dawati ilibaki rula,
na mstatili aliouchora kwa penseli,
mtupu,
wa kiasi kilekile.